Njia ya Mutwanga

Wasomaji wengi wa Beni na Butembo wamepata kuuona mlima Ruwenzori kwa mbali, asubuhi baada ya mvua ya usiku, kabla mawingu hayajaufunika tena. Wachache wameukanyaga. Na wachache zaidi wanajua kwamba njia ya kuupanda kutoka upande wetu wa Kongo, ile inayoanzia Mutwanga, ina historia ndefu kuliko urefu wake. Maana njia yenyewe ni fupi. Ukiifuata kwenye ramani kwa kidole, kidole hakisogei sana. Chini iko migomba, kahawa na kakao za Mutwanga. Juu iko barafu. Na katikati pana mwendo wa siku tatu au nne. Lakini katika siku hizo mtu hutoka penye mita 1,200 hivi hata kupita mita 4,000, na mwisho wake hujikuta mahali pasipo nyumba, pasipo shamba, pasipo moshi wa jiko, penye mawe marefu yaliyosimama kama minara.

Tukisema jangwa, watoto wa shule hufikiri mchanga na jua kali. Ruwenzori si hivyo, kwa kuwa mvua yake ni nyingi kupita kiasi, na miguu hukaa katika tope siku nzima. Lakini watu wa kale waliita jangwa mahali popote ambapo binadamu hakai. Nabii Eliya alipokimbilia Horebu alikwenda penye mawe na upepo na ukimya. Kwa maana hiyo, sehemu ya juu ya Ruwenzori ni jangwa kweli, jangwa la mawe na barafu, tena liko mlangoni petu.

Vitabu vingi huanza historia ya mlima huu kwenye vilele, yaani kwa kusema nani alifika juu wa kwanza. Mimi naona afadhali tuanze chini na kupanda polepole, tukiwauliza habari wale waliopita njiani.

Tarehe 24 Mei 1888 Bwana Henry Morton Stanley alikuwa karibu na Ziwa Albert pamoja na msafara wake, akimtafuta Emin Pasha. Mvulana mmoja wa msafara akamwonyesha mbali, upande wa kusini, mlima ambao watu walisema umefunikwa na chumvi. Stanley alitazama, akadhani ni wingu la rangi ya fedha. Kisha akatambua kwamba lile wingu limeshikamana na nchi, na ile chumvi ni theluji. Wenzake wawili, Jephson na Parke, walikuwa wameona weupe huo mwezi uliotangulia, lakini sifa ikamwendea mkubwa wao. Jina la Stanley limeandikwa katika vitabu vya mataifa yote. La yule mvulana sijaliona popote.

Msimcheke kwa kusema chumvi. Katika nchi zetu chumvi ilikuwa mali. Ziwa la chumvi la Katwe liko kusini ya mlima huohuo, upande wa Uganda wa leo, na chumvi yake ilibebwa kichwani na mgongoni, ikauzwa mbali katika nchi zote za jirani. Mtu aliyeijua biashara ile, akiona mlima mweupe, atafikiri nini kwanza? Atafikiri kitu cheupe anachokijua.

Wenyeji wa mlima hawakuwa na haja ya kubahatisha. Wanande wa upande wetu na Wakonzo wa upande wa Uganda ni ndugu wa lugha moja, na katika lugha hiyo theluji ina jina lake, nzururu. Ndipo lilipotoka jina la Rwenzururu, mahali pa theluji. Wazee walimtaja Kitasamba, mwenye mlima, akaaye kule juu penye weupe, na kwa ajili yake watu hawakupanda ovyo. Wawindaji walipanda. Waliwafuata pimbi katika mawe, wakalala chini ya miamba iliyoinama kama paa, wakawasha moto hapo, wakashuka na nyama. Basi kusema kwamba mlima ulivumbuliwa mwaka 1888 ni kama kusema kwamba nyumba imevumbuliwa na mgeni aliyebisha hodi. Stanley aliutambulisha mlima kwa watu wa Ulaya, jambo ambalo si dogo. Mtaalamu Ptolemaeus wa Aleksandria alikuwa ameandika katika karne ya 2 habari za Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake hulisha maji ya Nili, na kwa miaka 1,700 hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama ni kweli au ni hadithi. Samuel Baker alifika Ziwa Albert mwaka 1864, asijue kwamba kusini yake iko barafu. Mawingu ya Ruwenzori ni mlinzi hodari.

Haya, tuanze kupanda. Ukitoka Mutwanga unaacha mashamba, unaingia msituni, ukiufuata mgongo wa mlima ulio juu ya bonde la mto Butahu. Butahu hutoka penye barafu, hushuka kwa haraka, na kuingia Semliki, mto utokao Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert; na kutoka hapo maji yake ni maji ya Nili. Siku ya kwanza huishia Kalonge, mahali penye mita 2,100 hivi. Msitu bado ni mkubwa, miti ina mizabibu ya mwituni na ndevu za kuvu, na usiku baridi huanza kuuma kidogo. Mtu wa Butembo haoni ajabu, kwa kuwa amezoea baridi ya milima yake. Mtu wa pwani angeliona ajabu sana.

Nao watu wa pwani walikuja. Mwezi wa Juni 1889, msafara wa Stanley ulipokuwa ukipita chini ya mlima upande wa Semliki, afisa kijana aliyeitwa William Stairs, mzaliwa wa Halifax katika Kanada, alipewa ruhusa ajaribu kuupanda. Alichukua watu wa Zanzibar wapatao 40. Hawakupita njia hii ya Mutwanga hasa, bali upande huohuo wa magharibi, penye mitelemko inayotazama bonde la Semliki. Fikirini watu hao, wasomaji wapendwa. Waliondoka kwao pwani mapema mwaka 1887, wakazungushwa kwa merikebu kupitia kusini ya Afrika hata mdomo wa mto Kongo, wakapanda mto ule, wakaukata msitu wa Ituri huku wenzao wakifa kwa njaa, kwa homa na kwa mishale. Na sasa, baada ya miaka miwili na zaidi, mtu mzima aliyezaliwa penye minazi aambiwa apande penye theluji.

Walipita mashamba ya mwisho, wakapita mianzi, wakaingia katika miti iliyovikwa kuvu. Stairs alifika futi 10,677, yaani mita 3,250 hivi, akaona mbele yake mabonde makubwa yenye kina yanayomtenga na vilele. Chakula hakikutosha, na watu wake hawakuwa na nguo za baridi. Akarudi. Alimletea Emin Pasha mimea aliyoichuma njiani, naye Emin, aliyependa sana elimu ya viumbe, akaitambua na kuiandika aina zake. Vitabu vingine vidogo vya shule husema kwamba Stairs alifika penye theluji. Hakufika. Theluji ilikuwa bado juu sana.

Kwa habari ya Stairs mwenyewe, yafaa kusema neno moja, kwa maana Wakongo wana deni naye. Mwaka 1891 aliongoza msafara mwingine kwenda Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold, na katika msafara huo mtemi Msiri aliuawa, mwezi wa Desemba. Stairs akafa kwa homa mwaka 1892 huko Chinde, kwenye mdomo wa mto Zambezi, kabla hajafika kwao. Jina lake limebaki kwenye kilele kimoja cha Ruwenzori. Wale Wazanzibari 40 hawana hata jiwe moja. Lakini waliacha kitu kingine. Kiswahili kilifika pande hizi kwa vinywa vya watu kama wao, na kwa vinywa vya Wamanyema pia, ambao mara nyingi walikuja na bunduki na kuwateka watu. Sisi tunaokisoma leo kanisani na nyumbani tusisahau kwamba lugha hii ilipoingia kwetu ilikuwa na mzigo kichwani, na mara nyingine na damu mkononi.

Turudi njiani. Siku ya pili, kutoka Kalonge, njia huingia katika mianzi. Hapo mwendo ni mzito: mianzi iliyoanguka hulala njiani, tope hufika katika vifundo vya miguu, na mtu hupanda kwa kushika mizizi. Baada ya mianzi huja miti ya ajabu iitwayo erika, jamaa ya majani madogo ambayo Ulaya mara nyingi hayapiti goti la mtu, lakini hapa yamekuwa miti, nayo imevikwa kuvu kama mablanketi, ya kijani, ya manjano na mekundu. Chini ya miguu huoni ardhi. Unakanyaga kuvu na mizizi, na mahali pengine mguu huzama hata paja. Jioni mtu hufika Mahangu, penye mita 3,300 hivi. Ukikumbuka hesabu yetu, hapo umekwisha kumpita Stairs.

Sehemu ya tatu ya njia, kutoka Mahangu kwenda Kiondo, ni ya Stuhlmann. Franz Stuhlmann alikuwa Mjerumani, mtaalamu wa wanyama na mimea. Alikuja na Emin Pasha, ambaye sasa alikuwa akiwatumikia Wajerumani. Waliondoka Bagamoyo mwaka 1890. Mwezi wa Juni 1891 Stuhlmann alilipanda bonde la Butahu, yaani bonde hilihili, akafika penye mita 4,000 na kitu. Hakupanda barafu, lakini aliiona kwa karibu kuliko mtu yeyote wa Ulaya aliyemtangulia, akaipiga picha. Tena yeye ndiye aliyeandika kwa utaratibu jinsi mimea inavyobadilika kwa kimo: msitu, kisha mianzi, kisha erika, kisha ile mimea mikubwa ya juu. Kwa maoni yangu yeye alistahili sifa kuliko aliyopewa. Wengi walikwenda Ruwenzori kutafuta kilele, yeye alitazama kila kitu alichokipita.

Hata hivyo hakuweza kujizuia naye asitoe majina. Aliviita vilele kwa majina ya maprofesa wa kwao: Kraepelin, Moebius, Semper, Weismann. Hata leo majina hayo yamo katika ramani, ingawa yamehamishwa-hamishwa.

Katika sehemu hii ya juu kabisa ya mimea, mgeni hudhani anaota. Lobelia husimama wima kama mishumaa ya Pasaka, mirefu kuliko mtu. Senesio, ambazo nyumbani jamaa zake ni majani ya kando ya njia, huku ni miti yenye shina nene na vichwa vya majani kama kabeji kubwa. Majani yaliyokauka hayadondoki, hubaki yamelifunika shina kama koti, na koti hilo ndilo linaloukinga mti na baridi ya usiku. Mchana jua likitoka ni kiangazi. Usiku maji huganda. Mmea hauna budi kuvumilia majira mawili katika siku moja.

Wataalamu wa mimea, katika orodha zao za kilatini, wametaja mahali pamoja pa upande huu panapoitwa Campi ya Chupa. Mimi jina hilo hunifurahisha kila ninapoliona. Limekaa katikati ya majina ya malkia na maprofesa, kwa Kiswahili kisichohitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Beni. Hilo si jina la ramani, ni jina la kambini, la watu waliotua mizigo hapo.

Kiondo kuko penye mita 4,200 hivi. Karibu yake uko mlima Wusuwameso, kama mita 4,460, ambao mtu mwenye pumzi hupanda asubuhi kwa kutazama. Mawingu yakimhurumia, ataona mbele yake upande wote wa magharibi wa Mlima Stanley: kuta za mawe meusi, meno, nguzo, na katikati yake barafu ikining'inia. Alexandra una mita 5,091, Margherita 5,109, Albert 5,087. Mmojawapo wa wale wafupi huitwa Jino Kubwa, na aliyelitia jina hilo hakukosea.

Mawe haya si ya moto. Kwetu Kivu watu huchanganya, kwa kuwa Nyiragongo na Nyamulagira hutema moto, na Nyiragongo uliwatoa watu wa Goma nyumbani kwao tarehe 22 Mei 2021. Ruwenzori haukutoka tumboni mwa nchi kama uji unaofurika chunguni. Ni kipande cha mwamba wa kale sana, wenye umri wa miaka bilioni mbili na zaidi, kilichoinuliwa wakati nchi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa. Upande mmoja ulishuka, ukawa bonde la Semliki. Kipande hiki kikasukumwa juu. Ndiyo sababu upande wetu wa magharibi ni mkali hivi. Kisha barafu ikaja kuchonga. Zamani za baridi kuu ilishuka mbali, katika bonde la Mubuku upande wa Uganda ilifika karibu mita 2,000, ikisaga mawe, ikikata mabonde kama mtu akatavyo mhogo. Mahali ilipoyeyuka iliacha vifusi vya mawe, na nyuma ya vifusi maji yakasimama, yakawa maziwa madogo. Njia ya kutoka Kiondo kwenda penye barafu hupita karibu na maziwa hayo: Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani, Ziwa la Kijivu.

Majina hayo ya rangi yaliwekwa na Wabelgiji mwaka 1932. Lakini kabla yao hatuna budi kumtaja mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Savoia. Yeye hakupita kwetu. Mwaka 1906 alishuka Mombasa, akapanda treni hata ziwani, akavuka kwa meli mpaka Entebbe, akaenda kwa miguu hata Fort Portal, akapanda bonde la Mubuku. Tarehe 18 Juni 1906 yeye na viongozi wake wa milima ya Alpi walisimama juu ya Margherita. Kambi yao kuu ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba ulioinama. Tazameni jina hilo: si la Kiitaliano. Kule juu mizigo ilibebwa na Wakonzo, na mwamba wa kulala chini yake ni kitu ambacho wawindaji wa Kikonzo walikijua kabla ya mwana wa mfalme kuzaliwa. Kwa hiyo majina ya mlima yako tabaka mbili. Mahali pa kupita na kulala pana majina ya wenyeji na ya wapagazi: Bujongolo, Kalonge, Mahangu, Kiondo. Juu, mahali ambapo mtu husimama dakika chache na kushuka, pana majina ya malkia Margherita wa Italia, malkia Alexandra wa Uingereza, mfalme Vittorio Emanuele, mfalme Edward, mfalme Umberto, malkia Elena. Hata binti mfalme mdogo, Iolanda, alipata kilele chake. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mpaka, ukapitishwa penye vilele hivyo, na ndugu wa lugha moja wakaamka siku moja wakiwa raia wa serikali mbili.

Wabelgiji walifika mwaka 1932, wakiongozwa na hesabu Xavier de Grunne. Walikuwa wataalamu na wapanda milima pamoja. Lucien Hauman ndiye aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Hao ndio walioifanya njia ya Butahu ijulikane hata penye barafu. Kilele kimoja wakakiita kwa jina la mfalme wao Albert, naye mfalme alikuwa kweli mpanda milima, si wa heshima tu. Alianguka penye miamba ya Marche-les-Dames huko Ubelgiji akafa, tarehe 17 Februari 1934. De Grunne naye alikufa mwaka 1944 katika kambi ya mateso ya Wanazi. Miaka iliyofuata safari yao vikajengwa vibanda vya kulala kwa vituo, kila mbao na kila bati likapanda kwa mabega ya watu wa Mutwanga na vijiji vya jirani, mzigo wa kilo 25 au zaidi kwa kila mtu, penye tope lile nililolieleza. Mtalii aliandika jina lake katika kitabu cha kibandani. Aliyebeba kitabu chenyewe hakuandika.

Wakati huohuo mlima ukawa wa Hifadhi, au kama sisi tusemavyo, Parke. Hifadhi ya Albert iliundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa ajili ya sokwe wakubwa wa kusini, kisha ikapanuliwa hata ikauingiza Ruwenzori wa upande wetu na bonde la Semliki. Mwaka 1969 ikaitwa Virunga. Kwa mnyama na kwa mti lilikuwa jambo jema. Kwa mwindaji wa pimbi ilimaanisha kwamba mlima wa babu yake sasa una sheria, na kwamba anaweza kuupanda akiwa na mzigo wa mgeni, lakini si akiwa na mtego wake. Shauri hili la mipaka ya Parke na mashamba ya watu halijaisha hata leo, na mtu yeyote wa Beni ajua ni chungu kiasi gani. Sitaki kulikata hapa kwa mistari miwili.

Juu ya Kiondo njia hushuka, hupanda tena kati ya kuta, na mara kwa mara mikono hufanya kazi kuliko miguu. Ukungu ukishuka hakuna cha kuona ila jiwe lililo mbele yako. Watu huitana kwa sauti. Kisha, penye kifusi cha mawe, njia ya miguu huisha, na asiye na kamba na shoka la barafu hana la kufanya zaidi ya kukaa na kutazama.

Atatazama nini leo? Mwenzake mwana wa mfalme, Vittorio Sella, alipiga picha mwaka 1906, picha nzuri mno, na katika picha hizo barafu imejaa mabonde ya juu kama maziwa katika bakuli. Wakati huo barafu yote ya Ruwenzori ilikuwa yapata kilometa za mraba 6.5. Mwaka 1987 ilikuwa 2. Mwaka 2003 haikufika 1. Milima Emin, Gessi na Luigi di Savoia imekwisha kubaki mawe matupu, na iliyosalia iko hasa kwenye Mlima Stanley. Nzururu imebaki katika jina kuliko mlimani. Wengine huogopa kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Wataalamu waliopima upande wa Uganda wamesema si hivyo: maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya mto ufikapo chini, haifiki hata sehemu 2 katika 100. Mito ya Ruwenzori huletwa na mvua, na mvua hukaa katika misitu na kuvu zile zinazotuudhi tukizipita. Basi wa kuogopewa zaidi ni panga linaloukata msitu wa chini.

Na njia? Kwa muda mrefu imekuwa ikifungwa na kufunguliwa. Mwaka 1996 waasi wa ADF walianzia vita vyao katika milima hii, wakaja wakakaa upande wetu. Vibanda viliharibika. Ikaja miaka ambapo walinzi walitengeneza njia, wageni wachache wakarudi, na vijana wa Mutwanga wakapata tena kazi ya kubeba. Kisha, tangu Oktoba 2014, yakaja mauaji ya Beni, ambayo hakuna msomaji wetu anayehitaji kusimuliwa. Tangu mwaka 2020 yakafika hata vijiji vya chini ya mlima wenyewe, na mwaka huohuo Hifadhi ikasimamisha ziara za wageni. Wakulima wa kakao waliuawa shambani. Walinzi wa Hifadhi nao wameuawa wengi. Watu wa Mutwanga waliowahi kubeba mizigo ya wengine kwenda juu walibeba magodoro yao wenyewe, wakakimbilia Beni, Oicha na Butembo.

Njia isiyopitwa katika nchi ya mvua haidumu. Mianzi huanguka na hakuna wa kuikata. Kuvu hufunika mbao. Ngazi za mizizi hulegea. Wanaoijua vizuri ni wanaume waliokwisha kuzeeka, waliobeba tangu ujana, wajuao ni jiwe gani lina mahali pa kulala watu sita na ni kijito gani hakivukiki baada ya saa nane mchana. Mambo hayo hayamo katika kitabu cha Stuhlmann wala cha Wabelgiji. Ningependa mwalimu mmoja wa Mutwanga, au kijana wa sekondari mwenye daftari na subira, aketi na wazee hao, aandike kwanza majina yao, kisha majina ya mahali, moja moja, toka chini hata barafuni.

Mwaka 2013 maji ya mlima yalitiwa katika mashine ya umeme huko Mutwanga, mashine ndogo, ya kilowati 400. Usiku vita vilipotulia, mtu aliyekaa mlangoni pake aliweza kusikia mto ukishuka na kuona taa, na nyuma ya taa giza la mlima, ambamo hakuna moto wowote uwakao tena Kalonge, wala Mahangu, wala Kiondo.